USITOE KILEMBA KABLA YA KUMWONA MWENYE NYUMBA

(Maneno ya mhudumu wa jamii kwa wakazi wanaotaka kufanya biashara Kisugu, Kampala)



Wengi wenu mna ndugu wenye maduka Kisugu, na wengine mnajitayarisha kuwafuata. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya biashara na kupanga. Leo nasema juu ya kupokezana chumba cha duka.

Mara nyingi huwa hivi. Mpangaji amepata safari ya nchi ya tatu. Anamwita mwenzake: "Nipe kilemba, chukua ufunguo, kodi utaendelea kulipa." Pesa zinatolewa kwa kuaminiana. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anakuja, anakuta mtu asiyemjua, anaweka kufuli lake. Aliyepokea kilemba ameshapanda ndege.

Ndugu zangu, mpangaji hauzi duka, kwa kuwa si lake. Alipewa ruhusa ya kulitumia, kwa jina lake. Mikataba mingi inamkataza kumpa mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Ni kweli, sheria ya wapangaji ya mwaka 2022 inazuia kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Lakini wewe utaonyesha karatasi gani kuwa ni mpangaji?

Basi fanyeni hivi:

1. Omba kuuona mkataba wa anayeondoka. Kama hujui Kiingereza, tafuta mtu wa kukusomea, asiwe wa upande wake.

2. Nenda kwa mwenye nyumba mwenyewe. Kama humjui, muulize mwenyekiti wa LC1.

3. Uliza madeni ya kodi, umeme na maji.

4. Pata mkataba mpya kwa jina lako. Mapatano yanayozidi shilingi 500,000 sheria inataka yaandikwe.

5. Kilemba kiwe cha mwisho, mbele ya mashahidi, na upewe risiti.

6. Leseni ya KCCA iwe na jina lako. Usifanye biashara kwa leseni ya aliyeondoka.

Nawe unayeondoka, mwombe mwenye nyumba akuandikie kuwa mmemalizana. Bila hiyo, kodi asiyolipa mwenzako unaweza kudaiwa wewe.

Anayekuharakisha ulipe leo hii, kabla hujamwona mwenye nyumba, mwambie asubiri. Akikataa, zifunge pesa zako urudi nazo nyumbani.