TAA YA KUPIMIA REDIO NA SANTURI ZA ZAMANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Tumeombwa tuseme juu ya ule ubao wenye taa ambao wengi mmeuona tukiubeba kwenye feri ya Likoni, hata mmoja akatuuliza kama twauza glopu. Hatuuzi glopu. Sisi tu watu wanne wa karakana, kwetu ni ng'ambo ya Kwale, na siku za mapumziko twatengeneza redio na santuri kuukuu za jamaa zetu wa Diani, Ukunda na Msambweni. Cheti cha redio hatuna. Tuyajuayo tumeyajua kwa kuungua vidole.

Katika miaka ya 1950, Sauti ya Mvita ilipokuwa ikisikika kutoka Mombasa, na hata baada ya mwaka 1964 redio ya taifa ilipopewa jina la Sauti ya Kenya, vijiji vingi vya kusini havikuwa na umeme. Watu walisikiliza kwa redio za betri kavu. Wale wachache wenye umeme, au waliofanya kazi mjini, walinunua redio kubwa za mbao zenye valvu za kioo, za Philips, Murphy, Bush au Pye. Wenyewe walipofariki, vitu hivyo vikawekwa uvunguni. Tangu mwaka 2015, mpango wa serikali wa kufikisha umeme majumbani ulipoanza, nguzo zimeingia mahali ambapo hatukuzitazamia. Basi kijana huivuta redio ya babu, huifuta vumbi, hufunga plagi mpya na kuichomeka ukutani. Msiba huanzia hapo.

Nasi tulifanya kosa lilo hilo. Karibu na Msambweni kuna bibi mmoja aliyetuita tumfufulie redio ya marehemu mumewe. Kwa nje ilikuwa safi kabisa. Tuliichomeka moja kwa moja. Ikaunguruma, kisha tukasikia harufu kama ya lami ya barabara, kisha moshi. Fyuzi ya plagi ilikuwa ya ampea 13, nayo haikukatika upesi. Transfoma ndiyo iliyoungua kwanza. Bibi hakututukana. Alisema tu, "Basi wajukuu wangu, ifunikeni." Tulirudi hadi Likoni bila kuongea.

Kwa nini redio nzima kwa macho iwe mbovu ndani? Sababu kubwa ni kapasita. Zile za kemikali, zikikaa miaka mingi bila umeme, huharibika ndani na kuupitisha umeme ambao zapaswa kuuzuia. Zile za karatasi na nta hunyonya unyevu, na sisi wa pwani twajua unyevu wetu ulivyo na chumvi. Mpira wa waya hukauka ukamomonyoka. Na panya, msimsahau panya.

Sasa taa yenyewe. Ni glopu ya kizamani, yenye uzi unaowaka, iliyowekwa njiani kati ya ukuta na redio, hata umeme wote uendao kwenye redio sharti upite kwanza katika glopu. Uzi ukiwa baridi huupitisha umeme kwa urahisi. Ukiwaka, uzuiaji wake huongezeka zaidi ya mara kumi. Redio ikiwa nzima, huvuta kidogo, glopu hufifia, na redio hupata volti karibu zote. Redio ikiwa na shoti, volti zote 240 hubaki kwenye glopu, nayo huwaka kama ya chumbani. Glopu ya wati 60 haiwezi kupitisha zaidi ya robo ampea. Hapo transfoma hupata nafasi ya kupona, nawe hupata nafasi ya kuzima.

Glopu za siku hizi za LED, na zile za kubana matumizi, hazifai hata kidogo. Sisi zetu twazipata kwa wauzao vitu vya kulelea vifaranga.

Ubao wetu ni mkavu, una holda ya glopu, swichi na soketi moja. Waya ni wa nyuzi tatu, na plagi ina fyuzi ya ampea 3. Waya wa moto, ambao ni wa kahawia siku hizi na mwekundu katika nyaya za zamani, waingia kwenye swichi, kisha kwenye glopu, kisha kwenye soketi. Waya wa nyutro na waya wa ardhi huenda moja kwa moja kwenye soketi; wa ardhi haukatwi kamwe. Maungio yote yamefunikwa, pasiwe na mahali pa kugusa. Wala usiutundike ubao chini ya makuti, kwa maana glopu ya wati 100 ni moto kweli kweli.

Kabla ya kuchomeka, tazama nyuma ya redio. Zile za betri, zilizotumia betri ya volti 90 na nyingine ndogo ya volti moja na nusu, hazina kazi na umeme wa ukutani. Ukizichomeka umeua valvu zote kwa pigo moja, na taa haitakuokoa. Nyingine zina kiteuzi cha volti, nacho huenda kimeachwa kwenye 110. Vitu vya Marekani ni vya volti 120, na vingine vilivyoletwa kutoka Saudia ni vya 127. Vyote hivyo vyataka transfoma ya kupunguza.

Anza na wati 60. Redio ya valvu iliyo nzima hufanya hivi: glopu hung'aa mara moja, hufifia, kisha baada ya nusu dakika valvu zikishapata moto huongeza mwanga kidogo, na kutulia. Mwanga ukizidi kupanda tu, zima, kapasita zavuja. Ukiwaka wote tangu mwanzo, zima upesi. Usipowaka kabisa, kuna waya uliokatika au fyuzi imekufa. Ikitulia, twaweka glopu ya wati 100, na baadaye ndipo twaichomeka ukutani. Amplifaya kubwa zahitaji wati 150. Mota ya santuri usiihukumu kwa taa, maana hukosa nguvu ikazunguka polepole, nawe ukadhani imekufa.

Jambo ambalo twataka mlisikie kuliko yote ni hili: taa hulinda redio, haimlindi mtu. Robo ampea yaua. Ndani ya redio ya valvu mna volti 250, hata 300 na zaidi, na kapasita huweza kuzishika hata baada ya kuchomoa plagi. Sisi twachomoa, twangoja, kisha twazimwaga kwa rezista ya omu 10,000 ya wati 5 iliyofungwa kwenye kijiti kikavu, tukaishikilia sekunde kumi, na mwisho twapima kwa mita. Twavaa viatu, mkono mmoja uko mfukoni, na hatufanyi kazi hiyo peke yetu.

Tena kuna redio zisizo na transfoma, zilizotengenezwa kutumia umeme wa namna zote mbili. Katika hizo chuma cha ndani kimeungwa na waya mmoja wa ukutani. Waya zikikosewa kwenye plagi, chuma chote kina volti 240, na kirungu cha sauti kikiwa kimeng'oka, mtoto atashika umeme mtupu. Usiziunge na ardhi, wala usizifungue bila transfoma ya kutenganisha. Sisi wenyewe hatuna, na mbili za namna hiyo tumewarudishia wenyewe zilivyo, wakanuna.

Kazini hatukubali kugusa mtambo ambao haujakatwa umeme, na mkubwa akitulazimisha twaja hapa ofisini kumshitaki. Nyumbani twapiga magoti kwenye sakafu mbichi na bisibisi mkononi, watoto wametuzunguka.

Tangu tupate ubao huu, tumepima redio kumi na moja na santuri tatu. Redio nne ziliwasha glopu yote, wala hapana hata moja iliyotoa moshi.

Ile ya bibi ingali kimya. Twatafuta transfoma ya kuingiza volti 240, itoayo volti 250 pande mbili na volti 6.3 za kuwashia valvu. Ikiwa yuko mwanachama mwenye redio iliyoliwa na mchwa lakini transfoma yake ni nzima, asiitupe. Na amwachie katibu wa tawi; twapita hapa kila Ijumaa jioni baada ya zamu.