ASKARI NAYE AWE CHINI YA SHERIA
(Hotuba kwa wanachama wa Pemba)



Tumekuiteni kwa jambo moja tu. Askari anayebeba bunduki iliyonunuliwa kwa kodi ya mwananchi hana budi kumjibu mwananchi huyo, na sheria ya kumlazimisha ajibu itungwe na wale tuliowapa kura zetu.

Hapana mtu mzima Pemba asiyeikumbuka Jumamosi ya tarehe 27 Januari 2001. Watu waliandamana kudai uchaguzi wa mwaka 2000 urudiwe, wakapigwa risasi. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa Unguja na Pemba, na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Ndugu zetu wapatao 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Askari mmoja naye aliuawa Micheweni, na msiba wa watu wake ni msiba pia.

Oktoba 2001 Muafaka ukatiwa saini, na mwaka 2002 tume ikaundwa chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Tume ilichunguza na ripoti ikatoka. Lakini hata leo hatujasikia askari aliyepandishwa kizimbani kwa risasi zile. Ndugu zangu, tume huundwa na kuvunjwa, sheria hubaki.

Tukienda kwa Mwakilishi twaambiwa, "Polisi ni jambo la Muungano, nendeni Dodoma." Tukienda kwa Mbunge twaambiwa, "Hayo ni ya Zanzibar." Basi mwenye maiti wake abishe mlango gani?

Kweli yenyewe ni hii. Katiba ya Muungano ya 1977 imeliweka Jeshi la Polisi mikononi mwa Bunge. Lakini KMKM, JKU, Mafunzo na Valantia ni Idara Maalum za Zanzibar, na sheria zao hutungwa na Baraza la Wawakilishi. Tena Baraza huchagua wajumbe watano miongoni mwao kwenda kukaa Bungeni. Kila mmoja ana sehemu yake, na hapana wa kutusukumia kwa mwenziwe.

Tunadai mambo manne. Kwanza, chombo huru cha raia kichunguze kila kifo na kila jeraha kubwa linalotokana na mkono wa askari, kwani mtu hawi hakimu wa kesi yake mwenyewe. Wakenya waliitunga sheria ya chombo kama hicho mwaka 2011, na wako askari waliofikishwa mahakamani kwa kazi yake. Pili, kila askari avae namba inayosomeka, wala asifunike uso mbele ya raia. Tatu, ripoti za uchunguzi ziwekwe mezani mbele ya wajumbe kwa muda uliowekwa na sheria. Nne, iwe kosa lenye adhabu kwa askari kumpiga, kumkamata au kumnyima mtu haki kwa sababu ya asili yake, kisiwa chake au chama chake.

Hili la nne lina uzito kwetu. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inakataza ubaguzi, lakini katazo lisilo na adhabu ni maneno matupu kwa aliyebaguliwa. Visiwa hivi vimeona, khasa mwaka 1964, watu wakihukumiwa kwa nasaba zao, na Wapemba wanajua maana ya kutazamwa kama wageni katika nchi yao. Lakini nasi tujitazame. Anayemwita mwenziwe Mwarabu, Mmakonde au mtu wa bara kwa nia ya kumtoa katika haki, anaijenga dhuluma ile ile tunayoilalamikia. Haki tunayoidai ni ya kila mtu, na askari akishtakiwa naye ana haki ya kusikilizwa.

Mwaka 2023 tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza polisi wabadilishwe wawe watoa huduma kwa raia. Kwa hiyo haya si maneno ya wakorofi.

Basi kila tawi liandike barua, lipeleke kwa Mbunge na kwa Mwakilishi wake, na lidai jibu la maandishi. Majibu hayo tuyaweke. Wakirudi kuomba kura, tutawasomea wenyewe.

Hatudai kisasi. Twadai sheria. Usipoziba ufa utajenga ukuta.