Kete za Bao na Somo la Vipeo



Mwanafunzi aandikaye kwamba 2³ ni 6 hakukosa akili. Amefanya alichokizoea: ameona namba mbili, akazizidisha. Kosa hilo hurudi darasani kila mwaka, na kila mwaka husahihishwa kwa wino mwekundu huku kanuni ikikaririwa upya kwa sauti kubwa. Kukariri huko hakumwonyeshi mtoto kipeo ni kitu gani.

Kifaa cha kumwonyesha kipo barazani. Bao la Kiswahili lina safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, jumla mashimo 32, na huchezwa kwa kete 64. Namba zote hizo hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 tena na tena: 4 ni 2², 8 ni 2³, 32 ni 2⁵, na 64 ni 2⁶. Shule isiyo na bao na ichimbe vishimo uani. Komwe au kokoto zatosha.

Wanafunzi watie kete 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, wakiendelea kuongeza maradufu. Kabla ya kuanza, kila kikundi kikisie kete 64 zitafika shimo la ngapi. Wengi watataja mbali. Kumbe hutosha mashimo 6 tu, na kete 1 hubaki mkononi! Hapo mabishano huanza, na mwalimu mwenye busara hayakatizi. Shimo la 32 peke yake lingehitaji kete 2,147,483,648.

Kanuni nazo huonekana papo hapo. Safu 4 mara mashimo 8 ni 2² × 2³, yaani 2⁵: vipeo vimejumlishwa. Kete 32 zikigawanywa katika mashimo 32, kila shimo hupata 1. Nayo 2⁵ ÷ 2⁵ ni 2⁰. Swali sugu la kipeo sifuri limejibika bila amri ya mwalimu.

Yapo malalamiko kwamba kipindi ni kifupi na darasa ni kubwa. Ni kweli, lakini kipindi kimoja cha uani huokoa vipindi vingi vya kusahihisha kosa lile lile.

Wala kosa hilo haliishii shuleni. Mtumishi akopaye shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikiongezwa juu ya deni, huzidisha 10 kwa 12 akadhani kwamba asipolipa chochote atadaiwa shilingi 220,000 baada ya mwaka. Deni halisi ni 100,000 × 1.1¹², yaani shilingi 313,843. Hesabu hiyo yafaa kufanywa ubaoni na madarasa ya juu, mwezi kwa mwezi, wanafunzi wakipokezana chaki.