Sanaa Isiyofundishwa Hupotea
Hotuba ya kusomwa katika mabaraza ya vijiji vya Songwe

Machifu na wazee wetu, wenyeviti wa vijiji, walimu, mabibi na mabwana,

Tumekuja kusema nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: sanaa zilizomo katika nchi yetu, yaani ufinyanzi, ususi, uhunzi, uchongaji, uchoraji, uimbaji na ngoma, zifundishwe kwa watoto na kwa watu wazima katika kila kijiji, kwa saa maalumu na kwa utaratibu, kama kusoma na kuandika kunavyofundishwa. Huenda mtu akasema moyoni mwake, "Haya ni mambo ya mchezo." Twamwomba asubiri mpaka tumalize, ndipo atoe hukumu yake.

Nyote mwakijua Kimondo cha Mbozi, kilicholala katika mteremko wa kilima cha Marengi. Uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16, na sehemu yake kubwa ni chuma. Tangu mpimaji W. H. Nott alipokitangaza kwa walimwengu mwaka 1930, watu wametoka nchi za mbali kuja kukitazama. Chuma hicho kilianguka kutoka mbinguni, wala hakuna mtu aliyekitolea jasho. Lakini katika nchi hiyohiyo ya Unyiha kilikuwako chuma kingine, kilichotoka katika mikono ya babu zetu. Walichimba mawe yenye chuma, wakajenga tanuru refu la udongo, wakalijaza makaa na mawe, wakalitia moto. Kilichopatikana humo wakakisafisha katika tanuru dogo, na mwisho mhunzi akafua jembe, shoka na mkuki. Kazi hiyo yataka maarifa mengi: kulijua jiwe lenyewe, kuujua mti unaotoa makaa mazuri, kuujua udongo usiopasuka kwa joto, na kuutambua moto kwa rangi yake.

Je, maarifa hayo yako wapi leo? Majembe ya viwandani yalipoletwa kwa bei nafuu, watu waliyanunua, na matanuru yakazimika moja baada ya jingine. Hatuwalaumu walionunua, maana mkulima hutafuta jembe rahisi ili apate kulima. Lakini angalieni vema jinsi mambo yalivyokwenda. Bei ya jembe la dukani iliua biashara ya chuma. Maarifa yenyewe yalikufa kwa sababu hayakuwa na mahali pengine pa kufundishwa ila ndani ya biashara hiyo. Biashara ilipokoma, kijana hakuwa na sababu tena ya kuketi karibu na tanuru, na mzee hakuwa na mtu wa kumwachia alichokijua. Leo mtoto wa Mbozi aweza kumpeleka mgeni kwenye Kimondo, lakini akiulizwa babu zake walipataje jembe, hana jibu.

Sasa twataka kuwapa mfano wa kinyume chake, nao twautoa mbali kidogo, katika mji wa Dar es Salaam. Mtu mmoja jina lake Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, alikwenda mjini kutafuta kazi. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora picha za wanyama na ndege, akitumia rangi za dukani, zile za kupakia baiskeli na mabati, juu ya vipande vya mbao za kiwandani. Hakusoma katika chuo chochote cha sanaa. Alipoona picha zake zinanunuliwa hakuuficha ujuzi wake. Aliwaita jamaa zake wachache, wakaketi pamoja naye, wakautazama mkono wake na kuufuata. Mwaka 1972 alifariki akiwa na umri wa miaka 40 tu. Basi alifundisha kwa miaka michache sana, na hata hivyo wanafunzi wake waliendelea, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Hata leo uchoraji wa namna ile waitwa kwa jina lake katika nchi nyingi za dunia.

Yapimeni mambo haya mawili. Ufundi wa chuma ulidumu vizazi vingi ukatoweka, na uchoraji wa mtu mmoja, ulioanzia chini ya kivuli cha mti, umepita nusu karne tangu kufa kwake. Zipo sababu nyingi za tofauti hiyo, na soko ni mojawapo. Lakini sababu iliyo katika uwezo wetu sisi wanavijiji ni moja, nayo ni kufundisha.

Mtu atauliza, "Kwa nini mwataja na watu wazima? Sanaa si ya watoto?" Twamjibu kwamba jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata mabibi na mabwana wenye wajukuu waliingia katika madarasa yaleyale ya watoto wao, jioni, watoto walipokwisha kutoka. Walishika chaki kwa mikono iliyozoea jembe, wakajifunza kuandika majina yao. Kama mtu wa miaka 50 aliweza kujifunza herufi, atashindwa kujifunza kusuka kikapu? Tena katika sanaa iko faida nyingine. Katika darasa la kusoma mtu mzima alikuja akiwa mwanafunzi, lakini katika darasa la sanaa wengi wao watakuja wakiwa walimu.

Tena sanaa hufundisha hata mambo yasiyo ya sanaa. Katika miaka ya 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda katika kijiji cha Malya, Usukumani. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Waliwaomba wanakijiji wataje wenyewe matatizo yao, kisha wayatungie michezo na nyimbo kwa ngoma zao wenyewe, waicheze mbele ya wote, na baadaye waketi kujadiliana. Hivyo mambo magumu, kama mimba za wasichana wa shule, yalisemwa hadharani. Mzee asiyependa kuonywa na kijana barazani humsikiliza kijana huyo akicheza ngoma. Ninyi walimu mwajua ni mambo mangapi katika vijiji vyetu yanayonong'onwa tu nyumbani na kukosa mahali pa kusemwa.

Basi tufanyeje? Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa Taasisi. Ni chuo chema, lakini kutoka Tunduma mpaka pwani ni safari ya zaidi ya kilometa 900, na wengi hawataiweza. Yatupasa kuanza na tulicho nacho. Mashauri yetu ni haya.

Kwanza, kila kijiji kiandike orodha ya mafundi wake: wafinyanzi, wasusi, wahunzi, wachongaji, wapiga ngoma, waimbaji na wasimulizi wa hadithi. Yaandikwe majina yao, umri wao, na majina ya wanaojifunza kwao. Kazi hii mwalimu na mwenyekiti wa kijiji waweza kuimaliza kwa siku chache, wala haihitaji fedha.

Pili, patafutwe mahali na saa. Shule ipo, na mchana wa Jumamosi haina watu. Watoto na watu wazima wakae pamoja, maana mtoto hujifunza upesi zaidi akimwona mama yake naye akikosea na kurudia. Lakini majira yaangaliwe. Huko Mbozi, wakati wa kuchuma kahawa msimtegemee mtu yeyote, na mvua zikianza kila mtu yuko shambani. Ni heri miezi minne ya darasa lenye watu kuliko mwaka mzima wa darasa tupu.

Tatu, vifaa viwe vya hapahapa. Udongo uko mabondeni, mianzi na matete yapo, na kipande cha kaa juu ya ukuta uliopakwa chokaa chatosha kumfundisha mtoto kuchora. Kijiji kinachongoja kununuliwa rangi kwanza kitangoja sana.

Nne, fundi anayefundisha asiende mikono mitupu. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kama hakuna fedha, wazazi watoe debe la mahindi au wamlimie sehemu ya shamba lake. Mtu asiyepewa kitu mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hatakuja.

Tano, kazi zilizofanywa zionyeshwe. Kijiji kiwe na siku yake moja kwa mwaka, na zilizo bora zipelekwe Mbeya katika maonyesho ya Nane Nane, pamoja na mahindi na kahawa. Mtoto aliyeona chungu chake kimetazamwa na wageni hatauacha ufinyanzi.

Twajua kuna wenye mashaka. Wengine wasema ngoma huleta ulevi na uhuni. Twakubali kwamba ngoma ya usiku yenye pombe si mahali pa mtoto. Basi ichezwe mchana, bila pombe, wazee wakiwapo. Wengine wahofu kwamba siri za jando na za mila zitatolewa nje. Hilo ni la wazee wenyewe kuamua. Wao ndio wajuao wimbo upi ni wa watu wote na upi si wa watu wote, na mwalimu asivuke mpaka waliouweka. Wengine wasema wasichana wasifundishwe uhunzi, wala wavulana ufinyanzi. Twawakumbusha kwamba maarifa ya chuma yalipotea yakiwa mikononi mwa wachache. Je, twataka kuzidi kuwapunguza wajuao?

Neno letu la mwisho ni kwa watu wa Tunduma. Ninyi mwaishi mahali penye barabara kuu, reli ya TAZARA, na malori yasiyohesabika yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde. Katika mtaa mmoja hukaa Mnyamwanga, Mnyiha, Mndali, na mtu aliyekuja juzi kutoka mikoa ya mbali. Labda mwaona kwamba haya ya vijijini hayawahusu. Lakini mtoto anayeuza maji na karanga kando ya malori ana haki ya kujifunza kitu kitakachokaa mikononi mwake hata magari yakipungua. Tena Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na nyimbo zao ni zilezile. Wimbo haulipi ushuru wa forodha. Darasa la sanaa Tunduma laweza kuwa mahali ambapo watu wa makabila mengi wafundishana, na ambapo jirani wa Zambia aja kuketi pamoja nasi.

Waheshimiwa, Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Kwa umri ni mkoa mchanga, bali ujuzi uliomo ni wa kale. Mkirudi nyumbani, twawaomba kila mmoja afanye hesabu ndogo kwa vidole vyake. Katika kijiji chake wako wafinyanzi wangapi? Wana umri gani? Na nani anajifunza kwao? Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna", basi ajue kwamba tanuru jingine lakaribia kuzimika, na saa ya kuliokoa ni sasa, wakati yule bibi angali na nguvu za kukanda udongo. Wahenga wetu waliokuwa wafinyanzi walisema, udongo uwahi ungali maji.