Ujira Kwanza, Bakshishi Baadaye

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Songea



Tumeombwa tuzungumzie jambo linaloonekana dogo. Je, yatupasa kumpa bakshishi fundi aliyetujengea ukuta, kijana aliyetubebea magunia ya mahindi, mhudumu wa hoteli, muuguzi, mlinzi? Wako watakaosema kwamba Tume ya Haki na Amani ina mambo makubwa kuliko hayo. Sisi twaona vingine. Kesi za mabilioni twazisoma magazetini, wala hatuna uwezo wa kuzihukumu. Lakini shilingi elfu mbili za saidia fundi zimo mifukoni mwetu wenyewe, na ni sisi tutakaoamua zitoke au zibaki.

Tuanze na maneno, kwa kuwa lugha yetu imelifikiri jambo hili kabla yetu. Bakshishi ni neno la asili ya Kiajemi, na maana yake ni kitu kinachotolewa kwa hiari. Waswahili wa pwani walikuwa pia na kilemba, yaani zawadi aliyopewa fundi alipomaliza kumfunza mwanagenzi wake au alipokamilisha kazi. Kiinua mgongo, ambacho siku hizi twakijua kuwa ni malipo ya mstaafu, jina lake lenyewe laeleza: ni cha kumwinua mtu aliyeinama kwa kazi. Vyote viwili hutolewa kazi ikiisha. Sasa tazameni neno hongo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilitoa hongo kwa watemi ili iruhusiwe kupita katika nchi zao. Hongo hutangulia, kwa sababu asiyeitoa njia haifunguki. Kilemba hufuata, na asiyekitoa hapungukiwi na kitu isipokuwa sifa ya ukarimu. Hapo pana tofauti kubwa, na ni tofauti ambayo siku hizi imefunikwa kwa majina matamu: chai, soda, asante, kitu kidogo.

Wazee wetu wa huku Ruvuma walialikana kulima, na mwenye shamba akatayarisha pombe au togwa. Ile haikuwa bakshishi wala haikuwa ujira, kwa maana siku ya pili yake mwenye shamba naye aliinama katika shamba la jirani. Kazi ya kulipwa fedha wengi waliijua mbali na nyumbani. Zamani za ukoloni wilaya ya Songea ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge, nao wakaitwa manamba. Huko kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, na ujira ulilipwa kipande kilipojaa. Kila siku walipata posho ya unga, lakini hakuna manamba aliyedanganyika kwamba unga ule ndio ujira wake. Tungependa akili hiyo ya babu zetu irudi, kwa sababu leo tunaona watu wazima wakimpa fundi chakula cha mchana, kisha wakikikata katika malipo yake kana kwamba walimfadhili.

Tuchukue mfano wa nyumba inayojengwa, uwe Mfaranyaki au Bombambili. Mwenye nyumba ameshindana na fundi mwashi siku tatu juu ya bei. Fundi ana watoto wa shule, na mwezi mzima hajapata kazi, basi anakubali bei ambayo wote wawili wanajua kwamba haitoshi. Kazi inakamilika, mwenye nyumba anafurahi, anaongeza noti mbili juu na kusema, "Haya fundi, soda hiyo." Fundi anashukuru sana. Je, huo ni ukarimu? Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira uwe wa haki. Mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa kuogopa shida kubwa zaidi amelazimishwa. Kwa hiyo zile noti mbili hazikuwa bakshishi. Zilikuwa sehemu ndogo ya deni, iliyorudishwa kwa njia iliyomfanya mwenye kudai ashukuru.

Kisha yupo saidia fundi, aliyechanganya udongo na saruji na kupandisha matofali juani. Noti zile hupewa fundi mkuu, na mara nyingi huishia hapo. Anayetaka kutoa bakshishi kwenye jengo lake na aitoe mbele ya wote, akitaja sehemu ya kila mmoja.

Mfano wa wakulima wa shamba la mizabibu tunaufahamu sote. Twausikiliza tukiwatazama wale wa saa kumi na moja waliopewa zaidi ya walivyostahili, na tunasahau kwamba wale wa asubuhi walipewa dinari yao kamili, ile ile waliyopatana. Mwenye shamba alitimiza haki kwanza, akafanya ukarimu kwa mali yake mwenyewe, tena hadharani. Na bado alinung'unikiwa! Kumbukumbu la Torati nalo laagiza kwamba ujira wa maskini ulipwe siku ile ile kabla jua halijachwa. Halisemi neno lolote juu ya nyongeza.

Watumishi wa nyumbani twawataja kwa ufupi, lakini kwa uzito. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri wake, na viwango vimepandishwa tangu hapo. Binti anayepewa gauni la Krismasi na nauli ya kwenda kwao kusalimia, huku mshahara wa miezi minne haujalipwa, hajapewa zawadi. Tusimwambie ashukuru.

Msidhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini tu. Huko Marekani sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mkahawa dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, wakati kima cha kawaida ni dola 7.25. Bakshishi za wateja ndizo zinazotarajiwa kujaza pengo, na zisipotosha mwajiri anatakiwa kuongeza. Mteja anadhani anamzawadia mhudumu, kumbe anamlipia tajiri mshahara. Nasi tuna nyumba za wageni na baa ambamo binti huambiwa waziwazi kuwa mshahara wake atautafuta kwa wateja. Wenye akili mnajua maneno hayo humsukuma wapi.

Sasa tuje kwa fundi cherehani, ambaye kesi yake imetusumbua kuliko nyingine. Juma la mwisho kabla ya Krismasi mteja mmoja anasema, "Kaka, nitakuongezea, ilimradi nguo yangu itoke leo." Fundi si mtumishi wa serikali, cherehani ni yake, na bei ni mapatano yao. Ubaya uko wapi? Uko kwa yule mama aliyeleta kitambaa mwanzo wa Novemba, akalipa advansi, na sare ya mwanawe ya Komunyo ya Kwanza sasa inasogezwa chini ya rundo. Kama fundi atakesha ili aimalize ya huyu bila kuichelewesha ya yule, nyongeza ni halali, ni malipo ya usiku wake. Kama anaichukua nafasi ya yule mama na kuiuza, ameuza kisicho chake, na mnunuzi ni mshiriki wake.

Hivyo twafika kwenye kipimo ambacho tungependa mkichukue. Msiulize tu, "Nimetoa kwa moyo mwema?" Ulizeni kwanza kama ujira umelipwa wote. Kisha ulizeni: itakuwaje kwa yule ajaye nyuma yangu ambaye hana cha kutoa?

Kwa kipimo hicho wodi ya wazazi haina mjadala mrefu. Muuguzi analipwa mshahara na taifa, hata kama ni mdogo. Familia inayompenyezea kitu mama anapoanza uchungu imetoa hongo ya msafara. Na kuku anayeletwa baada ya mtoto kuzaliwa salama? Moyo ni mwema, wala hatumhukumu mtu. Lakini mama aliye kitanda cha pili amemwona kuku, na yeye ametoka kijijini na kanga mbili tu. Usiku akitaka kuita ataogopa. Mwenye shukrani na aandike barua kwa mkuu wa kituo, au alete sabuni kwa ajili ya wodi nzima, na zipokelewe kwa maandishi.

Taifa letu lilipata kuijaribu njia ya kuhalalisha mkono mtamu. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996, iliwatenganisha wanaopokea rushwa kwa sababu ya mapato duni na wanaopokea kwa tamaa ya utajiri. Hata hivyo mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, na takrima ya mgombea kwa wapiga kura ikaruhusiwa kwa jina la ukarimu wa jadi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 vifungu hivyo vikatanguliwa. Majaji waliona kwamba vilimbagua mgombea asiye na mali, na kwamba havikuweka mpaka ulio wazi kati ya takrima na rushwa. Ni kipimo kile kile cha asiye na cha kutoa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata mtoaji sawasawa na mpokeaji. Kwa hiyo kisingizio cha "mimi nilitoa tu" hakimwokoi mtu.

Tunamalizia kwa ombi moja. Kila Halmashauri ya Walei iandike orodha ya watu wote wanaofanya kazi parokiani na vigangoni: mlinzi, mpishi, msafishaji wa kanisa, fundi anayetengeneza mabenchi. Mbele ya kila mmoja uandikwe ujira uliopatanwa, ujira uliolipwa, na tarehe ya kulipwa. Mahindi, mayai na nguo walizopewa ziandikwe katika safu ya mwisho, peke yake, wala zisijumlishwe na fedha. Orodha zisomwe katika kikao kijacho, na wahusika wenyewe waalikwe kuzisikiliza, wakipewa nafasi ya kusema kabla ya mwenyekiti.