Mfalme Aliyechelewa Kusikia

Leo twataka kutafakari pamoja nanyi jambo gumu. Amri ya serikali inapopingana na amri ya Mungu, mtu afanye nini? Na liko swali la pili, ambalo hatuliulizi mara nyingi: yule aliyetoa amri, naye afanye nini?

Ili tulitazame vizuri, twende pamoja hadi mji wa Athens katika nchi ya Wayunani, yapata mwaka 441 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Huko mtunzi aitwaye Sophocles aliwaonyesha watu wa mji mchezo wa kuigiza wenye huzuni kubwa, uitwao Antigone. Wayunani hao waliabudu miungu mingi, wala hawakuwa na Torati ya Musa. Hata hivyo walitambua kwamba juu ya kiti cha mfalme iko sheria nyingine, isiyoandikwa kwa mkono wa mtu.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa Thebes walikuwapo ndugu wawili, Eteocles na Polyneices, wana wa mfalme Oedipus. Waligombania ufalme. Polyneices akaleta jeshi la kigeni kuupiga mji wake mwenyewe, na ndugu hao wakauana vitani siku moja. Ufalme ukamwangukia Creon, mjomba wao. Naye akatangaza: Eteocles azikwe kwa heshima, kwa kuwa aliulinda mji, Polyneices aachwe nje, awe chakula cha mbwa na ndege. Mtu asimlilie wala kumfunika kwa udongo. Atakayevunja amri hii atapigwa mawe hadi afe.

Tusimhukumu Creon upesi. Mji ulikuwa umetoka vitani jana tu, na mji usio na sheria haukaliki. Hata Athens kwenyewe msaliti hakuruhusiwa kuzikwa katika ardhi ya nchi yake. Lakini sheria hiyo haikumkataza kuzikwa mahali pengine, nje ya mpaka. Creon alipita kiasi, kwa maana alikataza maiti isipate udongo kabisa. Mtu akiisha kufa, kesi yake na mfalme imekwisha. Amekwenda mbele ya Hakimu mwingine. Creon alitaka kumtawala hata huko.

Antigone, dada ya marehemu hao, hakukubali. Ndugu yake Ismene alimsihi aache, maana wao ni wanawake, hawawezi kushindana na wakuu. Antigone akaenda peke yake. Walinzi walimkamata jua likiwa la utosi, akiimwagia maiti udongo na sadaka ya kinywaji. Mbele ya mfalme hakukana, wala hakutafuta njia ya kukimbia. Alimjibu kwamba tangazo la mwanadamu haliwezi kuitangua sheria ya mbinguni. Mfalme akaamuru afungiwe hai ndani ya pango la mwamba na chakula kidogo, ili mji usihesabiwe hatia ya damu yake.

Kisha akaja Haemon, mwana wa Creon, aliyekuwa mchumba wa Antigone. Alianza kwa adabu, kama impasavyo mwana mbele ya baba. Akamweleza kwamba watu wa mji wanamlilia msichana huyu kwa siri, ila wanaogopa kusema mbele ya mfalme. Akamkumbusha kwamba mto unapofurika, mti unaokubali kuinama huokoka, na ule unaoshupaa hung'olewa na mizizi yake. Baba akakasirika: yeye mtu mzima, afundishwe na kijana? Wazee wetu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nasi twaongeza, mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika, na nyumba yake pamoja naye.

Baadaye akaja Tiresias, nabii kipofu, akiongozwa na mtoto. Alionya kwamba ndege na mbwa wamezitia madhabahu unajisi kwa nyama ya yule asiyezikwa, na kwamba miungu imekataa sadaka. Creon akasema nabii huyo amehongwa fedha. Lakini nabii alipoondoka, hofu ilimshika mfalme. Akawauliza wazee wa mji afanye nini. Wakamjibu waziwazi: nenda ukamtoe msichana pangoni, kisha umjengee kaburi yule aliyelala nje. Naye akakubali.

Wapendwa, hapa tusikilize kwa makini. Creon alikwenda, lakini aliyageuza mambo. Alianza kwa maiti. Akaiosha, akaiteketeza kwa desturi yao, akainua kilima cha udongo juu yake. Ndipo akaenda pangoni. Akamkuta Antigone amejinyonga kwa kitambaa, na Haemon amemkumbatia akilia. Haemon alitaka kumpiga baba yake kwa upanga, akamkosa, kisha akajichoma mwenyewe. Habari zilipofika nyumbani, Eurydice, mke wa mfalme, naye akajiua. Jioni hiyo Creon alikuwa bado na cheo, lakini hakuwa na mke wala mtoto wa kumrithi.

Amri yake aliifuta, ni kweli. Lakini aliifuta akimwacha aliye hai mwishoni. Heshima kwa wafu ni sheria ya Mungu, lakini uhai wa msichana yule haukuweza kungoja.

Katika nchi ya Afrika Kusini mchezo huu uliigizwa na wafungwa wa kisiasa katika kisiwa cha Robben. Nelson Mandela alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba yeye ndiye aliyemwigiza Creon. Mfungwa wa serikali akasema maneno ya mfalme! Naye alijifunza kwamba kiongozi aliye mgumu wa kusikia, asiyechanganya haki na rehema, hafai.

Maandiko yetu nayo yana kisa kilicho karibu na hiki. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 21, hata mhalifu aliyetundikwa mtini yapasa azikwe siku ile ile. Na katika Samweli wa Pili, mlango wa 21, tunamwona Rispa, binti Aya, ametandika gunia juu ya mwamba. Alikaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hata mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege na wanyama wasiiguse miili ya wanawe. Yeye naye alikuwa mwanamke asiye na nguvu mbele ya mfalme. Lakini Daudi alipopata habari hakukasirika. Alikusanya mifupa, ikazikwa. Tofauti ya Daudi na Creon ni sikio.

Mtume Paulo atufundisha kutii mamlaka, nasi twatii, na kodi twalipa. Mitume walikataa pale tu walipoamriwa kumwacha Mungu, nao walikataa hadharani, wakakubali mapigo. Hiyo ndiyo njia ya anayetawaliwa. Je, mwenye kutawala? Wengi wetu tuna kiti kidogo: baba nyumbani, mwalimu mkuu shuleni, mwenyekiti wa kamati, mchungaji kanisani. Kila kiti kina mpaka wake. Mtoto, mke au mtumishi wa chini akija kutuambia kwa adabu kwamba tumeuvuka, tumsikie siku ile ile. Tusimwulize umri wake kwanza. Na tukiisha kuamua kutengeneza, tuanze na yule ambaye bado anapumua ndani ya pango.

Tuombe. Ee Bwana, Mfalme wa wafalme, wape watawala wetu masikio, nasi pia. Uwape wanyonge ujasiri usio na chuki. Utukumbushe walio gizani kwa amri zetu, tuwafungulie kabla hatujachelewa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.