Ndege Mdogo wa Ruwenzori na Wajibu wa Askari

Askari anayepangiwa zamu ya ulinzi katika Milima ya Ruwenzori, juu ya mji wa Kasese au juu ya Bwera, hutegemea masikio yake kuliko macho. Katika misitu ile mawingu hushuka mpaka chini ya matawi, na mtu aliye hatua chache mbele huweza kupotea asionekane. Miongoni mwa sauti zinazosikika huko ni ile ya ndege wawili wadogo, dume na jike, wakiitana na kujibizana vichakani. Wengi hupita bila ya kuwajali. Hata hivyo, ndege hao wana habari kwa kila mtu aliyekabidhiwa usalama wa sehemu ile ya nchi.

Wataalamu humwita ndege huyo apalisi wa Ruwenzori. Ni mdogo kuliko shomoro. Mgongo wake ni wa kijivu, tumbo lake lina rangi ya hudhurungi iliyopauka, na kifuani ana mkanda wa kijivu mithili ya ukosi wa shati. Chakula chake ni wadudu, ambao huwatafuta jani kwa jani katika vichaka vilivyo chini ya miti mikubwa. Aliyempa jina lake la kitaalamu, katika mwaka 1904, ni Frederick Jackson, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1911 hadi 1918, alikuwa Gavana wa Uganda. Ndege huyo huishi katika milima ya magharibi ya Uganda, mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kwingineko duniani hayupo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ndege huyu hana pa kuhamia. Mbayuwayu huvuka mabara, lakini apalisi wa Ruwenzori ni mwenyeji wa kichaka chake. Kichaka hicho kikifyekwa, hawezi kushuka kwenda kuishi katika uwanda wa Kasese wenye joto na nyasi. Wala hawezi kupanda bila ya mwisho, kwa kuwa juu zaidi miti hukoma, na baada ya hapo ni baridi, mawe na barafu. Kwa hiyo, mahali anaposikika, msitu bado una uzima wake. Mahali alipokuwa akisikika zamani na sasa pamekuwa kimya, inafaa mtu aulize kuna nini.

Maana yaliyo makazi ya ndege ndiyo hazina ya maji ya binadamu. Majani ya miti ile hunasa ukungu, na mimea mororo iliyofunika magogo na ardhi huyanywa maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo. Mito ya Mubuku, Nyamwamba, Nyamugasani na Lhubiriha huteremka kutoka katika milima hiyo. Maji yake hunywesha mashamba na mifugo, huendesha mitambo ya umeme, na hatimaye huingia katika maziwa ya George na Edward, ambako wavuvi hupata riziki yao.

Wananchi wa Kasese hawahitaji kuelezwa ghadhabu ya mito hiyo. Katika mwezi wa Mei mwaka 2013, mto Nyamwamba ulifurika, ukasukuma mawe makubwa mpaka Kilembe na Kasese, ukabomoa nyumba na madaraja. Wachunguzi walitaja mvua kubwa na miteremko mikali. Lakini vile vile walitaja moto uliounguza mimea ya juu ya bonde hilo katika mwaka 2012. Mei 2020 mto huo ulifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Binadamu hawezi kuizuia mvua isinyeshe, lakini moto na shoka vimo mikononi mwake. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huenda wakawako watakaouliza: askari mwenye adui wa kweli ana haja gani na ndege? Swali hilo ni la haki. Katika mwezi wa Novemba mwaka 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, karibu na Bwera, kisha wakaitumia milima hiyo kuwa maficho. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Ruwenzori, iliyoundwa mwaka 1991, ikafungwa kwa wageni kuanzia mwaka 1997 mpaka 2001. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2004 iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Walinzi wa wanyama hawakuweza kufanya doria kama ilivyopasa, na wakulima walikimbia mashamba yao. Ni dhahiri basi kwamba usalama wa nchi na usalama wa msitu havitengani. Amani ilipotoweka, msitu ulikosa mlinzi. Na amani iliporudi, ilirudi kwa jasho na damu ya askari.

Kwa hiyo wajibu wa askari haukomi kwenye silaha yake. Kikosi kinachopiga kambi mlimani hakina budi kuzima moto wake mpaka jivu lipoe, na kutokata mti mbichi kwa kuni. Mtego wa waya uliotegwa msituni hauna budi kuonyeshwa walinzi wa hifadhi. Askari polisi aliye kizuizini barabarani hana budi kulikagua gari la makaa kama anavyolikagua gari jingine, wala asipokee gunia moja ili afumbe macho.

Vile vile inampasa askari kuitenda kazi hiyo kwa heshima. Wakonzo wameishi katika miteremko ile tangu zamani. Huko ndiko walikolima na ndiko walikozika wazee wao. Mama anayeokota kuni kavu karibu na mpaka wa hifadhi siye adui wa taifa. Akielezwa kwa upole na kusikilizwa, atakuwa wa kwanza kutoa habari za mkata miti na za mgeni asiyejulikana. Akitukanwa na kupigwa, atanyamaza. Na mwananchi anyamazapo, mlinzi huwa kipofu.

Ndege mdogo wa Ruwenzori hajui mpaka wa Uganda na Kongo, wala hajui kwamba analindwa. Yeye huokota wadudu wake na kumwita mwenzake ukunguni. Askari anayepita chini yake kwa nidhamu, akaacha kichaka kimesimama kama alivyokikuta, huwa amewalinda pamoja naye watu wa Kasese na wa Bwera walalao kando ya mito.